Shamba la Madam

Jumatatu, 7 Aprili 2025. Kitale

Nimenunua daftari hili jioni hii kwa sababu nisipoandika nitampiga mtu.

Asubuhi bosi wetu mpya, Kibe, ametuita sisi maafisa wa nyanjani wanne kwenye chumba cha mikutano. Kijana mpole, shati jeupe, amezaliwa hapa hapa Trans-Nzoia na wazazi waliokuja kutoka Nyeri, lakini ameongea kama mtu aliyeshushwa na helikopta. Kampuni yetu ya mbegu inajipanga upya, akasema. Nafasi zetu nne zimefutwa. Zimeundwa mbili mpya. Anayetaka aombe.

"Niombe kazi gani?" nikamuuliza.

"Kazi yako, Madam."

"Hii ninayofanya sasa hivi?"

"Hiyo hiyo. Lakini upya."

Nimekuwa nikiwafundisha wakulima wa Tongaren kupanda mbegu zetu tangu Kibe akivaa kaptura ya shule. Miaka kumi na minane. Wakulima wananiita Madam, watoto wao wananiita Madam, na kuna mbwa kule kwa Mzee Barasa ambaye nadhani naye akijaliwa kusema ataniita Madam. Leo naambiwa niandike barua ya kuomba niwe Phanice Nasambu. Nimeshtuka mpaka nimesahau mwavuli ofisini, na mvua ndiyo hiyo imeanza.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Hakuna aliyefanya kazi. Tumekula mandazi na kuangaliana.

Jumamosi, 12 Aprili. Myanga

Nimekuja nyumbani Bungoma kwa wikendi. Mume wangu, Makokha, ni mwalimu wa hesabu, na mwalimu wa hesabu ukimpa karatasi yoyote atatafuta kalamu nyekundu. Nilimpa wasifu wangu.

"Mama Ivy, hii kitu uliandika lini?"

"Ivy akiwa nasari."

"Ivy yuko chuo kikuu. Na hapa umesema ati unajua kutumia kompyuta. Siku hizi hiyo ni kama kusema unajua kufungua mlango."

Akashuka mpaka chini, akipiga mistari. Akafika pale nilipoandika kwamba nimewafundisha wakulima mia tatu mbinu bora za kilimo.

"Sawa, umefundisha. Na nini ilibadilika?"

"Kwani kufundisha si kazi?"

"Mimi hufundisha kila siku. Uliza matokeo."

Nilimnyang'anya karatasi. Lakini amesema kweli, na hilo ndilo linaloniudhi. Nitaenda Tongaren nikakusanye ushahidi: picha, majina, mavuno. Wakinitaka waniombe wao.

Alhamisi, 17 Aprili. Kitale

Wacuka anakaa meza iliyo mkabala na yangu. Tumekuwa marafiki miaka kumi na mbili, tumezikiana wazazi, na sasa tunagombea viti viwili watu wanne. Leo amekuja na chai, akainama sikioni kwangu.

"Chukua picha, mami. Mahindi ya kando ya barabara, na mkulima amesimama katikati anacheka. Lakini wapigie simu kwanza wajue unakuja."

Tangu lini mtu akamnoa mpinzani wake? Nimemshukuru kwa mdomo. Moyoni nimemwekea alama ya kuuliza.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mvua tangu ibada hadi usiku. Nimemwomba Mungu anipe kazi ambayo alishanipa.

Alhamisi, 24 Aprili

Acha niandike polepole.

Nilienda Tongaren kwa Edah. Edah ndiye mkulima wangu wa kwanza. Picha yake iko kwenye kalenda ya kampuni mwaka huu, amesimama kwenye mahindi yaliyompita kichwa. Kwa kawaida humpigia simu siku moja kabla. Nikifika namkuta langoni. Kiti kimeshatolewa, chai iko kwenye thamosi, kuku ameshaaga dunia. Tunatembea kwenye shamba la mbele, lile la kando ya barabara, naandika, namsifu, nakula, naenda zangu. Miaka kumi na minane tumefanya hivyo.

Jana simu yake haikupatikana, leo nikaenda hivyo hivyo. Nikafika bila taarifa. Mahindi ya mbele yalikuwa yamefika magotini, kijani kilichokolea, mistari imenyooka. Nikapiga picha zangu nikiringa. Nikabisha hodi, kimya. Nikasikia jembe likilia nyuma ya nyumba, nikazunguka.

Sikuwahi kupita kona ile ya nyumba kabla ya leo. Hata mara moja. Sasa najiuliza ni mtu gani huingia boma la watu miaka yote hiyo asipite kona.

Nyuma kulikuwa na shamba kubwa mara nne ya lile la mbele. Mahindi ya manjano, membamba, mimea mitatu minne shimo moja, yamebanana na maharagwe kila upande. Hapakuwa na mstari. Hapakuwa na mbolea, hilo hata kipofu angeliona. Na mbegu haikuwa yetu.

Edah aliniona, akaweka mkono mdomoni.

"Woi! Madam! Si ungepiga simu?"

"Edah, hii ni nini?"

"Ni mahindi."

"Ya nani?"

"Yetu."

"Na yale ya mbele?"

Akapangusa matope kwenye jembe lake. "Hiyo ni yako, Madam. Tunaiitanga shamba ya Madam. Kila mtu huku iko nayo."

Nilikaa chini. Kwenye matope, na sketi ya ofisi. Edah alishtuka kuliko mimi, akakimbia kuleta kiti, na nikamwambia kwa sauti ambayo sikuijua kwamba sitaki kiti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie aje? Unatoka Kitale na mvua, unafundisha na roho yako yote. Mgeni anaketishwa mahali safi. Sasa mimi nisimame nikwambie ati hiyo maneno yako haitoshi kwangu? Hiyo si ni matusi, Madam?"

"Haitoshi vipi?"

Basi akasema, kwa aibu, akiangalia pembeni. Mfuko mmoja wa mborea, ndivyo anavyotamka, ndio anaoweza kununua, na unaishia mbele. Nikisema mbegu moja kwa shimo, kindi anaila hiyo moja. Nikisema asichanganye, maharagwe atapanda wapi, barabarani? Na hakuna asichokijua katika niliyomfundisha. Alinikariria yote, vipimo na siku, bila kosa.

Natamani ningeweza kuandika kwamba shamba la nyuma lilikuwa na maajabu yake. Halina. Ni shamba baya. Edah mwenyewe alikubali kwamba kila Mei huwa ananunua unga. Miaka yote hiyo nimekuwa nikila kuku wa mtu ambaye ghala lake huisha kabla ya mahindi mapya, nikienda ofisini kuandika kwamba ameinuka.

Alimchinja kuku hata leo. Nilimsihi asifanye hivyo. Akasema nikiondoka bila kula atakuwa amenifukuza. Nilikula nikilia, naye akanitazama nikila, akilia pia.

Ijumaa, 25 Aprili

Sikwenda kazini.

Jumatano, 30 Aprili

Siku tatu nimezunguka Tongaren bila kumpigia mtu simu. Boma baada ya boma, nabisha hodi nikiwa tayari nyuma ya nyumba. Mbele bustani ya Edeni, nyuma manjano. Wengine nyuma yao ni afadhali, wengine ni vibaya kuliko Edah. Lakini kila boma lina shamba la Madam.

Mzee Barasa alinikuta kwenye kona ya nyumba yake, akatanua mikono kama mlinda lango.

"Madam, huko usiende. Kuko na mbwa."

"Mkali?"

"Mkali sana."

Mbwa akatoka nyuma akitikisa mkia, akanilamba mkono. Mzee Barasa akashusha mikono. "Basi pita," akasema. "Lakini tafadhali usikasirike, mama."

Sikukasirika. Ningekasirika ningepona haraka.

Alhamisi, 1 Mei. Myanga

Sikukuu ya wafanyakazi, na sijui kama mimi ni mmoja wao. Makokha alikuwa anasikiliza hotuba redioni. Nikainuka tu ghafla, nikavuka ua hadi kwa mama mkwe, nikapita jiko lake, nikaenda nyuma.

Hata kwetu! Manjano, shimo moja mimea mitatu. Na mbele, kwenye njia ninayopita nikienda kanisani, mistari imenyooka kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza.

Mama mkwe alinifuata akifuta mikono kwenye leso. "Mwanangu, ulikuja hapa bibi arusi unafundisha kila mtu. Sisi tungefanya nini? Tungekuaibisha?"

"Na Makokha anajua?"

"Anakula hiyo mahindi. Atakosa kujua?"

Leo sijapika. Makokha amekula mkate mkavu.

Jumatatu, 5 Mei. Kitale

Nina picha nyingi sana nzuri. Zote za barabarani.

Ijumaa, 9 Mei

Nimepiga hesabu ya mambo yalivyo. Nikiingia mahojianoni na picha hizo, nitapata nafasi, hakuna ubishi. Nikisema nilichokiona, naondoka na sanduku, na mshahara wa Makokha peke yake hautammalizisha Ivy masomo. Nina umri wa miaka arobaini na tisa. Sijui kazi nyingine. Na hata hii, inaonekana sikuijua.

Jumatano, 14 Mei

Nimetoka mahojianoni. Sijui nicheke au nijitupe mtoni Nzoia.

Walikuwa watatu: Kibe, mama mmoja nadhifu kutoka Nairobi, na mwanaume aliyekuwa akiandika. Yule mama akaniuliza nimefanikisha nini. Picha zilikuwa mkobani. Nilikuwa hata nimezifungua kwenye simu. Nikafungua mdomo na kikatoka kitu kingine.

Nikasema yote. Shamba la mbele, shamba la nyuma, kuku, kindi, unga wa Mei. Nikasema kila ripoti niliyoandika ilieleza ukanda mwembamba wa kando ya barabara na wala si maisha ya watu. Nikasema naomba radhi. Nikanywa maji, nikasubiri wanifukuze.

Wakaangaliana. Kisha Kibe akacheka. Hakuwa na ubaya, alicheka kama mtu anayemcheka dada yake.

"Madam, kwani hukuwa unajua?"

"Kujua nini?"

"Hata nyumbani kwetu iko. Mamangu huiita shamba ya kampuni."

Yule mama wa Nairobi akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto kuhusu kifo. Shamba la barabarani ndilo tangazo. Anayepita analiona, ananunua mfuko mmoja wa mbegu apande naye kando ya barabara. Jirani naye hivyo hivyo. Kampuni haijawahi kutegemea huko nyuma. Wanajua, wenzangu wanajua, kila mtu anajua.

"Na unajua kwa nini wewe huuza kuliko wote?" akasema. "Kwa sababu unaamini. Mkulima anaiona imani machoni mwako. Hiyo haiwezi kufundishwa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nimejiandaa hata kwa askari wa mlangoni. Sikuwa nimejiandaa kusifiwa. Nimetoka nje nikasimama mvuani bila kujua gari langu liko upande gani, na sina gari.

Ijumaa, 16 Mei

Nimemkabili Wacuka kwenye ngazi.

"Ulikuwa unajua?"

Hakujifanya hajaelewa. "Tangu mwaka wangu wa kwanza."

"Na ukanyamaza? Miaka kumi na mbili?"

"Ungejiona ukirudi kutoka Tongaren, Phanice. Unapanda hizi ngazi ukiimba. Ningekuharibia nikipata nini?" Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Ndiyo maana nikakuambia upige simu kwanza. Niliogopa siku moja utazunguka nyuma."

Nami nilidhani ananitegea mtego! Kumbe hata rafiki yangu wa moyo alinilimia shamba langu la mbele, akalipalilia, akanitembeza humo kila siku. Nilimkumbatia kwa sababu sikuwa na la kufanya na mikono yangu.

Jumanne, 3 Juni

Barua imekuja. Nimepata kazi. Wacuka amepata ile nyingine. Mshahara umepanda. Nitie sahihi kufikia tarehe kumi na tatu.

Jumapili, 8 Juni. Myanga

Nilitegemea Makokha aseme fuata moyo wako. Wanaume wa redioni husema hivyo.

"Tia sahihi, Mama Ivy."

"Hata baada ya yote?"

"Umeenda umesema ukweli, wamekupatia kazi. Sasa unataka kukataa hiyo kazi juu ya ukweli huo huo? Mimi hiyo hesabu sioni vile inatoka."

Tumelala tumepeana migongo. Yeye anahesabu karo, najua, na ana haki ya kuhesabu.

Alhamisi, 12 Juni. Kitale

Nimejaribu mbele ya kioo. "Panda mbegu moja kwa kila shimo," nikakiambia kioo, kwa ile sauti yangu ya Tongaren. Uso ulikataa.

Ijumaa, 13 Juni

Sikutia sahihi.

"Ati unaacha?" Kibe akasimama. "Na tumekupa?"

"Mmenipa."

"Madam, watu wanalilia hii kitu!"

Nilimwambia kwamba kilichowafanya waninunue ni imani, na bidhaa hiyo imeisha dukani. Alinitazama kwa huzuni ya kweli. Nimemchukia kijana huyu tangu Aprili, na leo amenibebea sanduku mpaka langoni kwenye mvua, viatu vyake vizuri vikiharibika. Nilishangaa zaidi kuliko yeye. Nilikuwa nimedhani hadi dakika ya mwisho kwamba mkono wangu utatia sahihi wenyewe.

Jumamosi, 21 Juni. Myanga

Kina mama wa kanisa wamekuja kunipa pole na sukari, majani ya chai na jogoo. Wamekaa kwa mstari ukutani, wakaimba pambio mbili, mmoja akaomba Mungu aipokee. Sijui aipokee nini. Kazi, nadhani. Makokha aliwahudumia chai kama mfiwa mkubwa.

Jumanne, 22 Julai

Nimepita Kitale kuchukua vitu vyangu vilivyobaki. Askari wa langoni, niliyemnunulia soda Krismasi zote, ameniuliza nimekuja kumwona nani.

Simu hailii. Zamani ilikuwa ikilia hata nikiwa bafuni.

Jumanne, 19 Agosti

Nimenunua kipima udongo na gambuti, viatu vya matope. Nimerudi Tongaren kuwaambia watu kwamba sasa najitegemea. Nitapima udongo wa nyuma ya nyumba, nitashauri, na anayeridhika ndiye atakayelipa.

"Ndio, Madam," wamesema. "Vizuri sana, Madam." Kisha wamenipeleka mbele. Boma la tatu nilitaka kupiga kelele. Sina kampuni, sina shati la kampuni, sina hata mwavuli wa kampuni, na bado wananitolea kiti! Nilifikiri nilikuwa nimeacha kazi ya uongo nikabaki na mimi. Kumbe bado mimi ni yule yule mgeni.

Kwa Edah sikuingia. Niliona leso yake ikikatiza nyuma ya nyumba, ikaingia ndani, mlango ukafungwa. Hatujaongea tangu Aprili. Ananionea aibu, nami pia.

Jumanne, 2 Septemba. Myanga

Jua kali. Makokha ameomba kufundisha watoto wa jirani hesabu jioni ili tuongezee karo. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Jumapili, 28 Septemba

Mama mkwe ameniruhusu nipime udongo wake wa nyuma. Ni chachu, una asidi nyingi. Nikamweleza. Akasema, "Ndio, mwanangu."

Nimeenda kukaa chooni nilie kwa utulivu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Jana Edah alinipigia simu, baada ya kimya chote kile.

"Kesho kuja. Tunavuna. Na uvae gambuti."

Akakata. Sikulala vizuri. Nilidhani pengine kuna msiba.

Hakunipokea langoni. Hapakuwa na kiti, hapakuwa na harufu ya kuku. Nilisimama pale mbele nikiona mahindi ya barabarani yamekauka vizuri na mistari yake, sikujua nielekee wapi. Akaniita kutoka nyuma ya nyumba.

"Pita huku, kwani umeota mizizi?"

Alikuwa amekaa kwenye rundo la mahindi akimenya maganda. Akanitupia gunia nikalie. Nikaketi, nikaanza kumenya. Mahindi madogo, mengine yana punje upande mmoja tu. Tulimenya mpaka rundo likapungua nusu.

"Sasa huna kazi kabisa?" akauliza.

"Sina."

"Na bwana yako anasema nini?"

"Anasema hesabu haitoki."

Akacheka kidogo, puani. Tukaendelea. Mawingu yalikuwa yakijikusanya upande wa mlima, lakini mvua haikuja.

Mwisho sikuweza kuvumilia. Nimelifikiria shamba lile miezi sita. Nikamwambia, kwa upole kabisa, kwamba msimu ujao asiweke mbolea mbele hata punje moja. Ule mfuko mmoja autawanye huku nyuma, kidogo kidogo, kifuniko kimoja cha soda kila shimo, na maharagwe ayaache papo hapo katikati ya mahindi. Ulikuwa ushauri mzuri. Ni ushauri bora kabisa niliowahi kumpa mtu, nilikuwa na uhakika nao.

"Hapana, Phanice," akasema Edah.

Hakuinua kichwa. Nikangoja aongeze neno la kunipoza, aseme lakini asante, aseme wewe ni msomi. Aliendelea kumenya. Miaka kumi na minane nimekanyaga ardhi ya Tongaren, na hakuna mtu hata mmoja huku aliyewahi kuniambia hapana. Nusura nisimame niende zangu.

Nikaliweka chini hindi nililoshika. Nikamuuliza kwa nini, naye akaniambia.